Kinga

Huku kwetu Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga.
Shemeji yangu, aliyekaa Kigoma miaka mitatu,
alicheka: kinga dhidi ya nini?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshikilia nondo,
Fundi Chishimba akipima kwa kamba ya kiatu,
akisema tu, "Usitikisike, mama Kyungu."

Alichomelea mara mbili. Mara ya kwanza umeme ulikatika
vyuma vikiwa vimeshikana nusu,
kama salamu ya watu waliogombana.
Tukangoja. Tukala karanga.
Aliporudia, akaligonga bomba la fremu kwa nyundo
nalo likatema vumbi jeusi, kiganja kizima:
makala ya miaka tisa
ambayo Banza aliyasukuma kutoka barabara ya Kasenga,
magunia manne, safari nyingine matano,
akitembea kando yake kama anayempeleka ng'ombe mgonjwa,
mpaka goti likasema basi.

Goti likisema basi haliulizi ada ya shule.

Sasa nyuma kuna kasha, mbao za sanduku la sabuni,
jina la sabuni linasomeka bado, kichwa chini.
Kuna mkanda wa gari bovu. Kuna mahali pa kukanyagia,
ili visigino visiliwe na spoku.
(Kabange ana kovu tayari. Habari hiyo tuiache.)
Beseni langu la mikate litakaa mbele, juu ya gurudumu.

Niliwapima watoto kwa mizani ya muuza unga:
Kyungu kilo kumi na tisa,
Kabange kumi na nane na ubishi,
Kyola kumi na nne, akakataa kushuka, apimwe tena.
Kisha nikapakia matofali yenye uzito wao.
Tofali halijipindi kumtazama mbuzi,
haligombanii upande wa kivuli,
lakini mtu huanzia pale asipoweza kumwumiza mtu.

Nilianguka kwenye mtaro, mbele ya mlango wa mama Ngalula,
mvua ikiwa imetoka kunyesha, udongo mwekundu unateleza.
Tofali la Kyola lilivunjika vipande viwili.
Nilikaa chini nikalitazama
muda mrefu kuliko tofali linavyostahili.

"Shusha kasha vidole vinne," nilimwambia fundi.
Akashusha vitano, wala hakudai pesa.

Siku ya pili Banza akapanda mwenyewe.
Magoti masikioni, fimbo imesimama kama antena.
"Mimi ni gunia moja na nusu," alisema.
"Gunia halisemi," nikamjibu, nikakanyaga.

Mbele kulikuwa kwepesi, usukani ukinitafuta kushoto, kulia.
Watoto wa mtaa wakatufuata mbio:
Angalieni, anamsafirisha bwana wake!
Banza akawapungia mkono kama mheshimiwa
aliyekuja kufungua kisima.
Penye mwinuko nikahisi kinga inayumba:
alikuwa ameshusha mguu, anataka kusukuma.
"Rudisha mguu."
"Mazoea tu."
"Rudisha."
Akarudisha. Kisha, taratibu, nyuma ya mgongo wangu:
"Usikanyage kwa hasira. Kanyaga kama unavyokanda unga."
Nikakanda. Tukapanda.

Juu tukaona bomba refu la kiwanda
na ule mlima mweusi wa masalia ya shaba.
Alinyamaza mpaka lami ilipoanza.
"Barabara hii," alisema, "sijawahi kuiona nikiwa nimekaa."
Sikugeuka. Mpanda kinga hageuki,
hilo nimeshajifunza.

Kesho ni zamu ya watoto, wote watatu, na mikate.
Usiku huu Kyola amelala ndani ya kasha,
amejifunga mkanda, hataki kutolewa.
Vipande viwili vya tofali lake
nimeviweka mbele na nyuma ya gurudumu,
kinga isije ikaondoka bila sisi.